Kaye, Excel au Programu: Hesabu ya Duka Inahitaji Mashahidi Wawili

Mwezi huu ninataka kuzungumza nawe juu ya hesabu ya duka. Labda utasema: «Pasta ameacha kazi yake, sasa anafundisha komersi!» Hapana. Ni hesabu ya duka iliyokuja kubisha kwenye mlango wangu usiku, na karibu iharibu jamaa nzima. Basi soma mpaka mwisho, na kama una butiki, depo, mezani pa kuuza unga, au unachunga kese ya kikundi, soma pamoja na watu wa nyumba yako.

Mama mmoja wa hapa Rugenge ana butiki. Anauza unga, sukari, mafuta, sabuni na chumvi. Sehemu ya mali inauzwa hapa hapa Uvira. Sehemu nyingine inapakiwa katika boti pale Kalundu, inateremka Baraka, na kutoka pale inapanda lori mpaka Misisi, kwa wachimbaji wa zahabu. Kijana wake mkubwa alisoma mambo ya ordinatere. Alimtengenezea mama yake tablo ya Excel, safi kabisa: rangi ya kijani kwa feza inayoingia, nyekundu kwa feza inayotoka, na juu kabisa jumla ya yote katika dola. Anayekaa dukani ni binti wa dada yake yule mama, msichana wa miaka 19.

Mwisho wa mwezi mmoja ordinatere ilisema hivi: zimeingia dola 3,180, zimetoka dola 2,460, katika kese lazima kuwe dola 720. Walifungua kese. Walihesabu mara moja, mara mbili, mara tatu. Kulikuwa dola 308. Dola 412 hazikuonekana.

Unajua wewe mwenyewe kilichofuata. Nani anakaa dukani? Nani anashika ufunguo? Binti aliitwa, mizigo yake ikapekuliwa, shangazi na wajomba wakaja. Usiku ule njo waliniita. Nami sitaficha kosa langu. Nilimwambia yule binti: «Mwanangu, kama ulikamata, sema tu. Tutakusamehe.» Nilidhani ninasema kwa upole. Kumbe nilikuwa nimekwisha kumhukumu.

Akalia, akasema: «Pasta, mimi sikukamata hata franga moja. Juu ya nini munaamini ile masini, na mimi hapana?»

MSTARI WA 61

Yule binti alikuwa na kaye. Hakuna aliyemwagiza kuiandika. Alisema aliona vibaya kupewa feza bila kuandika, basi kila siku aliandika kwa stilo kile kilichotoka: siku, kitu, bei. Akaomba neno moja tu: «Tusome kaye yangu mstari kwa mstari.»

Tulikaa mpaka saa tano ya usiku. Mama alisoma, mimi nilihesabu kwa simu, kijana aliangalia ordinatere. Kila kitu kilichokuwa katika kaye kilikuwa katika ordinatere pia. Lakini jumla ya kaye ilikuwa dola 2,872, na jumla ya ordinatere ilikuwa 2,460. Mistari ile ile, jumla mbili!

Kijana akabofya pale pa jumla, akanyamaza. Katika Excel ya Kifaransa mtu anaandika =SOMME(D2:D60). Maana yake: jumlisha namba zote za safu D, kuanzia mstari wa 2 mpaka mstari wa 60. Alipotengeneza tablo alifikiri mistari 60 itatosha kwa mwezi. Mwezi ule kazi ilikuwa nyingi, wakafika mstari wa 65. Mistari mitano ya mwisho iliandikwa vizuri, ilionekana kwa macho, lakini masini haikuihesabu: sukari mifuko mitano, dola 240, nauli ya boti, 65, kodi ya nyumba, 60, mlinzi, 40, mifuko ya plastiki, 7. Jumlisha mwenyewe. Ni 412.

Hakuna aliyeiba. Mama alishika kichwa. Kijana alitoka nje. Na mimi sikujua niangalie wapi.

SI SISI PEKE YETU

Usidhani kosa la namna hii ni la watu wa Rugenge wasiojua masini. Mwaka 2010 wataalamu wawili wakubwa wa uchumi wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala juu ya madeni ya nchi. Wakubwa wa serikali mbalimbali waliitaja walipotaka kukaza mikanda ya wananchi wao. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja, Thomas Herndon, aliomba tablo yao ya Excel aifuate. Aliona kwamba, pamoja na makosa mengine, hesabu ya wastani ilisimama kwenye mstari wa 44 badala ya kufika wa 49. Nchi tano ziliachwa nje. Ni kosa lile lile la duka letu!

Na Uingereza, katika mwaka 2020 wa korona, wagonjwa karibu 16,000 hawakuingia kwenye orodha ya serikali kwa siku kadhaa, kwa sababu faili ya Excel ya namna ya zamani haipokei mistari zaidi ya 65,536. Ilijaa, na mengine yakaachwa. Watu waliokaa karibu na wagonjwa wale walichelewa kupewa habari.

Basi mtu atasema: «Tuache Excel, tununue programu ya hesabu.» Ngoja kwanza. Uingereza hiyo hiyo, posta ya nchi iliweka programu iliyoitwa Horizon kuanzia mwaka 1999. Programu ilionyesha kwamba feza inapungua katika maduka ya posta. Wenye maduka walisema hawakuiba; hawakuaminiwa. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walijiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba programu ndiyo iliyokuwa na makosa, na mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Miaka 20 na zaidi! Watu walimwamini masini, na mtu hapana.

Hapo njo ninapotaka ushike jambo moja la makala hii: hesabu moja peke yake, ya kaye au ya Excel au ya programu, haitoshi. Hesabu inahitaji mashahidi wawili. Unapochagua chombo, usiulize kwanza «kipi ni cha kisasa?» Uliza: «Katika chombo hiki, shahidi wa pili ni nani?»

KWANZA KAYE

Wengi wananiuliza wanunue ordinatere gani, na hawajawahi kuandika hesabu hata wiki moja. Ordinatere haimfundishi mtu kuandika. Mtu asiyeandika katika kaye ya franga chache hataandika katika masini ya dola mia nne.

Anza na kaye kwa miezi mitatu. Weka siku, maelezo, feza iliyoingia, feza iliyotoka, na baki. Kila jioni kabla ya kufunga, hesabu feza iliyo mkononi na uiandike kando ya baki. Hii feza uliyoihesabu kwa mkono njo shahidi wa pili. Ikikubaliana na kaye, lala. Isipokubaliana, tafuta usiku ule ule, kwa sababu kosa la siku moja linapatikana, la mwezi mzima linageuka kuwa mwizi.

Sisi wa Uvira tuna shida nyingine ambayo vitabu vingi vya komersi havisemi. Tunauza kwa franga ya Kongo. Tunavuka Kavimvira na Gatumba kwenda kununua Bujumbura kwa franga ya Burundi. Tunalipa mali kubwa kwa dola. Na anayeleta vitu toka Kigoma anataka shilingi ya Tanzania. Ukizichanganya katika safu moja umekwisha kupotea. Kila feza iwe na safu yake, na kila siku andika bei ya dola ya siku ile.

Angalia mfano. Tuseme Jumatatu umeuza sabuni kwa franga 285,000, na dola inabadilishwa kwa franga 2,850. Umepata dola 100. Umekaa na zile franga mpaka Ijumaa, dola imepanda mpaka 3,000. Ukienda kubadilisha unapata dola 95. Dola tano zimekwenda wapi? Hakuna aliyezikamata. Ni hasara ya kubadilisha feza, nayo iwe na mstari wake katika hesabu. Nimeona mabwana wanagombana na bibi zao juu ya dola tano za namna hii.

TABLO YA EXCEL: UZURI WAKE NA HATARI YAKE

Excel ni kama kaye kubwa inayojua kujumlisha. Katika mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa tablo ya kwanza ya namna hii iliyouzwa sana kwa ordinatere ndogo, VisiCalc. Excel yenyewe ilitoka 1985. Kama huna feza ya kununua Excel, kuna LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure kwa haki kabisa, na inafanya karibu kazi ile ile. Siyo lazima mtu akuletee Excel ya kuiba kwenye flashi. Kopi za namna hiyo mara nyingi zinakuja na virusi, na kuiba ni kuiba hata kama aliyeibiwa anakaa mbali.

Uzuri wa tablo ni kwamba unaipanga upendavyo. Safu ya franga ya Kongo, safu ya franga ya Burundi, safu ya dola, bei ya siku: yote unaweka mwenyewe. Kijana aliyemaliza sekondari anaijua au atajifunza kwa wiki chache. Haidai intaneti. Kwa duka moja, mikono miwili au mitatu, na madeni machache, inatosha kabisa.

Hatari yake ni kwamba inakubali kila kitu. Ukiandika 4000 pahali pa 400, inanyamaza. Ukifuta mstari wa wiki jana, inanyamaza. Mtu akiandika namba juu ya fomula, fomula inakufa, na tablo inaendelea kung'aa na rangi zake. Haina shahidi ndani yake. Shahidi lazima umweke wewe. Hizi ni desturi ambazo yule kijana wa Rugenge alizishika baadaye, nawe uzishike:

1. Jumla ihesabu safu nzima, isisimame kwenye mstari fulani. Andika jumla kwenye ukurasa mwingine wa faili, na uagize safu yote, D:D.

2. Funga kwa neno la siri visanduku vyote vyenye fomula. Anayeandika mauzo asiweze kuzigusa bila kujua.

3. Usifute mstari wenye kosa. Andika mstari mpya wa kulisahihisha, na useme sababu. Kufuta ni kumfukuza shahidi.

4. Mara moja kwa wiki mtu mwingine achukue kaye ya dukani na ajumlishe kwa masini ndogo ya kuhesabu. Jumla mbili lazima zikubaliane.

5. Kila Jumamosi weka kopi kwenye flashi, na jina la faili liwe na tarehe. Ile flashi isilale nyumba moja na ordinatere. Tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu. Maji hayachagui kati ya kaye na ordinatere. Hata picha ya ukurasa wa kaye, iliyotumwa kwa simu kwa ndugu wa Baraka au Bujumbura, ni kopi.

PROGRAMU YA HESABU: INAFANYA NINI ZAIDI?

Programu ya hesabu haitofautiani na Excel kwa uzuri wa sura. Inatofautiana kwa sheria iliyo ndani yake. Sheria ile ni ya zamani. Mwaka 1494, kule Venice, mtawa mmoja wa Kifransisko, Luca Pacioli, alichapa kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake alieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila jambo pande mbili. Feza haiwezi kuingia bila kutoka pahali. Ukinunua sukari ya dola 240, stoki inapanda 240 na kese inashuka 240. Pande mbili lazima ziwe sawa. Kama haziko sawa, kuna kosa, na unalijua mara moja.

Programu nzuri inakataa kupokea andiko ambalo pande zake haziko sawa. Tena inaandika nani aliingiza nini, na siku gani. Kila mtu ana jina lake na neno lake la siri. Hapo shahidi wa pili amejengwa ndani ya chombo. Faida nyingine ni madeni na stoki: ukiuza kwa deni, programu yenyewe inapunguza mali ya depo, inaandika jina la mdaiwa, na mwisho wa mwezi inakutolea orodha.

Programu zipi? Katika kampuni kubwa na kwa wahasibu wengi wa nchi zetu za Kifaransa utasikia Sage, na wazee wangali wanaiita Saari. Kuna QuickBooks ya Marekani. Kuna Odoo ya Ubelgiji, ambayo ina mpangilio wa hesabu wa OHADA. Kwa wadogo kuna GnuCash, ya bure, inayofanya kazi bila intaneti na inayojua feza za namna nyingi. Kuna pia Manager, ambayo kopi yake ya kuweka ndani ya ordinatere ni ya bure.

Lakini kabla ya kununua, uliza maswali haya matatu. La kwanza: inafanya kazi bila intaneti? Programu inayokaa kwenye mtandao peke yake itakufungia mlango siku mtandao unapokatika, na hapa kwetu unakatika. La pili: inapokea feza zaidi ya moja? Programu ya feza moja Uvira ni kama kiatu cha mguu mmoja. La tatu: unalipa mara moja, au kila mwezi? Kama ni kila mwezi, siku usipolipa hesabu zako zitakuwa wapi? Uulize pia namna ya kuzitoa katika faili ya kawaida ili usifungwe mle.

Na usisahau Horizon. Programu inajua kile ulichoiambia tu, na yenyewe inaweza kukosea. Hata ukiwa na programu ya bei kubwa, kese ihesabiwe kwa mkono kila jioni, na stoki ihesabiwe kwa macho kila mwezi. Mifuko 18 katika programu na mifuko 16 katika depo: tafuta kwanza fakitire na hati za kutoa mali, kisha njo uulize watu.

SHERIA INASEMAJE?

Wale waliosoma komersi zamani wanakumbuka mpango wa hesabu wa Zaire wa 1976. Nchi yetu iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na leo tunafuata mpango wa SYSCOHADA, ambao uliofanyiwa marekebisho ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Usiogope jina lake. Kwa wadogo kuna njia nyepesi, Système minimal de trésorerie: unaandika feza inayoingia na inayotoka, na mwisho wa mwaka unaongeza stoki, madeni unayodai na madeni unayodaiwa. Njia hii ni kwa biashara ya kuuza mali ambayo mauzo yake ya mwaka hayafiki franga za CFA milioni 60, ndiyo kama euro 91,000. Kwa mafundi wa kazi za mikono ni milioni 40, na kwa wenye kutoa huduma ni milioni 30. Wengi wetu tuko chini ya hapo. Kwa hiyo kaye iliyoandikwa vizuri, au Excel iliyotengenezwa vizuri, inaweza kutosha mbele ya sheria.

Lakini sheria ile inataka mambo mawili ambayo yanagusa mazungumzo yetu. Vitabu na fakitire vitunzwe miaka 10. Na anayefanya hesabu kwa ordinatere lazima ahakikishe kwamba kilichokwisha kuandikwa hakiwezi kufutwa wala kubadilishwa baadaye bila alama. Unaona? Sheria nayo inatafuta shahidi! Excel iliyo wazi haiwezi kutoa uhakika huo peke yake. Kama unabaki na Excel, kila mwezi chapa kurasa, weka sahihi, na uzitunze pamoja na fakitire.

Kama unaanza programu, tumia namba za SYSCOHADA tangu siku ya kwanza: 57 kwa kese, 52 kwa benki, 55 kwa feza ya simu, 411 kwa wateja, 401 kwa wanaokuuzia, 601 kwa mali uliyonunua, 701 kwa mali uliyouza. Siku mhasibu atakapokuja, mtasema lugha moja.

UCHAGUE NINI BASI?

Kaa na watu wako, mjibu kwa kweli.

Mikono mingapi inagusa feza? Kama ni wako na wa bibi yako, kaye na Excel vinatosha. Zikifika mikono minne au mitano, kila mtu awe na jina lake ndani ya programu.

Sehemu ngapi? Duka moja, Excel. Butiki Rugenge na depo Misisi, ni vigumu kuendesha faili mbili za Excel bila kuchanganya ya jana na ya leo.

Madeni mangapi? Ndugu wa sehemu za machimbo wanaelewa. PDG anakopa unga na mafuta kwa watu wake wa shimo, anaahidi kulipa wakitoa zahabu. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Mwezi wa pili analipa nusu, kwa gramu. Wa tatu anahama machimbo. Mwenye wadaiwa watano anawakumbuka kwa kichwa. Mwenye wadaiwa 40 anahitaji kitu kinachomkumbusha kila wiki nani amepita siku zake. Hapo programu inalipa bei yake. Na zahabu iandikwe gramu zake na bei ya siku, siyo dola peke yake.

Feza ni ya nani? Kama ni yako, hasara ni yako. Kama ni ya wengi, mambo yamebadilika. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inataka wachimbaji wa mikono wawe ndani ya kooperative. Kese ya kooperative, kama kese ya kikundi cha akina mama au ya kanisa, isikae katika Excel ya mtu mmoja ndani ya ordinatere ya nyumbani kwake. Hata kama yule mtu ni mwaminifu kabisa. Hasa kama ni mwaminifu, kwa sababu siku kosa litakapotokea hatakuwa na kitu cha kumtetea.

Mwisho: nani mwingine anajua? Mwenye duka mmoja alikuwa na programu nzuri, kijana mmoja tu aliijua. Kijana alipata kazi Lubumbashi. Mwenye duka alibaki na masini iliyofungwa, na hata neno la siri hakulijua. Kama chombo kinajulikana na mtu mmoja, wewe huna chombo, una mtu mmoja.

Na ukiamua kuhama toka Excel kwenda programu, usihame katikati ya vumbi. Chagua tarehe, mwanzo wa mwaka ni bora. Siku ile hesabu kese, stoki, madeni ya kudai na ya kudaiwa, andika yote kwenye karatasi moja, mtie sahihi watu wawili. Hiyo karatasi ndiyo mlango wa programu. Kisha endesha vyote viwili pamoja kwa miezi miwili. Vikikubaliana, weka Excel kando.

YULE BINTI

Labda unauliza yaliishaje. Wiki iliyofuata yule mama aliwaita tena shangazi na wajomba, wale wale waliokuwapo usiku wa kwanza. Mimi nilimshauri hivyo, kwa sababu aliyesemwa vibaya mbele ya watu hawezi kutakaswa jikoni kwa siri. Akasimama, akasema: «Huyu mutoto nilimwita mwizi. Hakuiba. Kosa lilikuwa la tablo yetu, na la kinywa changu.» Kijana akaeleza mstari wa 61 mpaka hata mzee wa jamaa ambaye hajui kusoma akaelewa. Nami nilimwomba binti msamaha kwa lile neno langu la «sema tu».

Akajibu: «Mama mukubwa, nimesikia. Lakini kuanzia leo, mimi pia nitie sahihi kila jioni.»

Nilifikiri: huyu mtoto ametupita sisi wote akili. Walibaki na Excel miezi sita, kwa zile desturi tano. Tarehe 1 Januari waliingia programu ya bure, kwa sababu ya depo ya Misisi na madeni yake. Misisi kwenyewe wanaandika katika kaye, wanatuma picha ya ukurasa kwa simu, na Rugenge wanaingiza. Anayeingiza siku hizi ni binti. Kijana anapitia kila Jumamosi. Mama anahesabu kese. Kuna jioni hesabu inakataa, wanatafuta, wanapata, wanacheka, wanafunga duka.

Wewe pia, msomaji wangu, jioni ya leo kabla ya kufunga, hesabu feza iliyo mkononi na uiandike kando ya baki. Usingoje ordinatere. Na siku namba zitakapokataa, kabla ya kuuliza «nani?», uliza kwanza «mstari gani?»

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika duka letu au kikundi chetu, shahidi wa pili wa hesabu ni nani?

2. Kama anayeandika hesabu akisafiri kesho, nani ataendelea?

3. Je, tuna kopi ya hesabu inayolala nyumba nyingine?

4. Kuna mtu tuliyemdhania mwizi bila kupitia mistari yote? Tutamwendea lini, na mbele ya nani?